Nimwachishe mwanangu dawa ya kifafa nimpe virutubisho? Jibu kwa mama wa mtoto mwenye usonji

SWALI: "Habari daktari. Mwanangu wa kiume ana miaka 6, aligundulika na usonji akiwa na miaka 3 na nusu, maneno anayosema hayazidi sita. Alipofika miaka 4 akaanza kifafa, tukaandikiwa valproeti ya maji mililita 3 asubuhi na mililita 3 jioni, wakati huo alikuwa na kilo 13, kikatulia kabisa. Sasa hivi ana kilo 20, dawa ni ileile, ila tangu miezi mitatu iliyopita kimerudi, anaanguka mara moja au mbili kwa wiki. Kuna dada anauza virutubisho kanambia dawa za hospitali zinaua ini na ndo zinamfanya asiongee. Kanipa mpango: niondoe ngano na maziwa yote, nimpe lishe ya keto, vitamini B6 na magneziamu, mafuta ya samaki, habat soda na poda ya kusafisha sumu tumboni, alafu dawa niipunguze iishe ndani ya wiki tatu. Jumla laki nne na nusu kwa mwezi. Shida mwanangu anakula chipsi, maandazi na maziwa tu, vingine anatapika. Ndugu wameshanichangia hela. Nianze?"

JIBU:

Mama, pole sana, na asante kwa kuandika kwa undani hivi, maana hizo kilo na mililita ulizotaja zimenionyesha kitu ambacho naona kimepitwa na kila mtu, nitakifikia sasa hivi. Ila kabla hujasoma mbele naomba unisikilize kwa hili moja: dawa usiiache, usiipunguze hata nusu mililita, mpaka umekaa na daktari anayemtibu mtoto. Huo mpango wa wiki tatu ndo sehemu inayonitisha kuliko zote, hayo mengine tutajadiliana taratibu.

Dawa ya kifafa haifanyi kazi kama antibaiotiki, kwamba imeua vijidudu basi kazi imeisha. Seli za ubongo zinawasiliana kwa umeme, na kwenye kifafa kuna kundi la seli linawaka kwa pamoja bila mpangilio na kuzivuta na jirani zake, sasa dawa inakaa pale kila siku kama breki. Ukiitoa breki ghafla gari halirudi pale lilipokuwa, linateremka kwa kasi zaidi, ndo maana mtoto aliyekatishwa dawa anaweza kupata degedege zinazoungana, moja haijaisha nyingine inaanza, na hiyo inaweza kuharibu ubongo au kuua. Nimepokea watoto wa namna hiyo usiku wa manane, wazazi wao walikuwa watu wanaowapenda sana watoto wao na walikuwa wameambiwa maneno yaleyale uliyoambiwa wewe. Daktari anapoamua kupunguza dawa huwa anasubiri mtoto amalize angalau miaka 2 bila kuanguka, alafu anashusha kidogo kidogo kwa miezi. Mwanao anaanguka kila wiki, huu si wakati wake.

Sasa njoo kwenye zile namba. Shika chupa ya dawa uisome, valproeti nyingi za maji zina miligramu 200 kwenye kila mililita 5, kama ya kwako ni hiyo basi mililita 3 mara mbili kwa siku ni miligramu 240. Mtoto alipokuwa na kilo 13 alikuwa anapata kama miligramu 18 kwa kila kilo, leo ana kilo 20 na dawa ni ileile, maana yake anapata miligramu 12 tu kwa kilo. Dozi za watoto tunapanga kwa uzito, na wengi huwa wanahitaji 20 hadi 30 kwa kilo ndo watulie. Kwa hiyo kabla hatujasema dawa imeshindwa tujiulize kama mtoto amekua dawa ikabaki nyuma, kwa sababu kwa maelezo yako hivyo ndivyo inavyoonekana, kama suruali ya mwaka juzi. Usiongeze mwenyewe nyumbani tafadhali, kuna vipimo vya kuangalia kwanza, lakini hilo ndo swali la kwanza la kumuuliza daktari wiki hii. Na mwambie ukweli mwingine pia, je kuna siku dawa iliisha mkakaa bila? Unapima kwa kijiko cha chai au kwa bomba la sindano? Vijiko vya nyumbani havilingani kabisa, hilo peke yake limeshawahi kuangusha watoto.

Kuhusu ini, huyo dada hajatunga, ila amekata kipande. Valproeti kweli inaweza kuumiza ini, ni nadra, na hatari kubwa zaidi iko kwa watoto wa chini ya miaka 2, wanaotumia dawa kadhaa za kifafa kwa pamoja, na wenye magonjwa fulani ya kurithi yanayogusa namna seli zinavyotengeneza nguvu. Kwa hiyo omba apimwe damu, ini pamoja na chembe sahani (zile zinazogandisha damu), ni haki yako, na ukiona anatapika mfululizo, amelegea na kusinzia isivyo kawaida, macho yamekuwa ya njano au anapata michubuko bila kugongwa, nenda siku hiyohiyo. Hiyo ndo namna ya kuogopa ini kwa akili, unalipima.

Na la kutokuongea angalia tarehe zako mwenyewe: usonji uligundulika miaka 3 na nusu, dawa ilianza miaka 4. Dawa haiwezi kuleta kitu kilichoitangulia. Nadhani najua maneno hayo yalipoanzia, ni kwamba mama mjamzito akitumia valproeti mtoto aliye tumboni anakuwa kwenye hatari kubwa zaidi ya kasoro za kuzaliwa na ya usonji, hiyo ni kweli na ni muhimu sana kwa wasichana na akina mama wenye kifafa kuijua. Mtoto wa miaka 6 anayekunywa leo ni habari nyingine kabisa. Usonji na kifafa mara nyingi vinatembea pamoja kwa sababu vinaweza kutoka kwenye mzizi mmoja, namna ubongo ulivyojijenga, na kwenye tafiti nyingi mtu mmoja kati ya watano hivi wenye usonji anapata na kifafa, zaidi kama ana ulemavu wa akili. Kinaanza utotoni au kinasubiri balehe. Hujakosea kitu mama, na hakuna aliyemroga.

Haya, chakula. Nisingependa uondoke hapa ukidhani nasema chakula hakigusi ubongo, kinagusa, na kuna magonjwa ambayo lishe ndo tiba yenyewe. Mwaka 1934 daktari wa Norway, Asbjørn Følling, aligundua kwamba kuna watoto wenye ulemavu wa akili ambao miili yao inashindwa kuvunja kitu kimoja kilichomo kwenye protini, kinajaa kwenye damu na kuharibu ubongo, na baadhi yao wanakuwa na degedege na tabia zinazofanana kabisa na usonji. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kule Birmingham, Uingereza, msichana mdogo mwenye ugonjwa huo akapewa lishe iliyotolewa kitu hicho na akaanza kubadilika. Leo nchi nyingi zinapima watoto wachanga tone la damu la kisigino, anayekutwa nao anaanza lishe mapema na anakua vizuri tu. Umeona namna ilivyokwenda? Kwanza walijua kilichoharibika, ndo wakajua cha kuondoa. Huo mpango uliopewa umeruka hatua ya kwanza.

Keto nayo ni tiba ya kweli ya kifafa, na inaniuma kuiona inauzwa kwenye kifurushi kimoja na poda za kusafisha tumbo. Watu walishajua zamani kwamba mgonjwa wa kifafa akifunga kula degedege zinapungua, mwaka 1921 daktari Russell Wilder wa Mayo Clinic kule Marekani akapendekeza lishe inayoudanganya mwili uone kama umefunga: mafuta mengi mno, protini kidogo, wanga karibu hakuna. Mwili ukikosa sukari ini linageuza mafuta kuwa ketoni, ubongo unatumia hizo, na kwa njia kadhaa ambazo wanasayansi bado wanabishana zipi zina uzito zaidi, zile seli zinazowaka ovyo zinatulia. Kwenye utafiti wa London uliotoka mwaka 2008, watoto 145 ambao dawa zilikuwa zimegoma waligawanywa kwa bahati nasibu, baada ya miezi 3 asilimia 38 ya waliopangiwa keto walikuwa wamepunguza degedege kwa zaidi ya nusu, wakati kwa wenzao waliokuwa wanasubiri zamu ni asilimia 6. Hayo ni matokeo mazuri. Ila soma vizuri, ni watoto ambao dawa zilikuwa zimegoma, waliendelea na dawa zao, na kila gramu ilikuwa inapimwa kwenye mizani na mtaalamu wa lishe. Kawaida ni gramu 3 au 4 za mafuta kwa kila gramu 1 ya protini na wanga vikijumlishwa, yaani ugali hakuna, wali hakuna, hata dawa ya kikohozi ya maji inahesabiwa kwa sababu ya sukari yake. Inaweza kuleta mawe kwenye figo, choo kigumu, damu kuwa na asidi, sukari kushuka, mtoto kudumaa. Na kuna watoto ambao miili yao haiwezi kuchoma mafuta, hao ukiwapa keto unaweza kuwaua, ndo maana damu na mkojo vinapimwa kabla. Mwanao ametumia dawa moja tu, kwa dozi iliyopitwa na uzito wake. Akipandishiwa vizuri ikashindikana, ikajaribiwa na ya pili ipasavyo ikashindikana, hapo mimi mwenyewe ningekwambia tuizungumze keto, hata ile iliyolegezwa masharti kidogo ambayo kwa mazingira yetu ya mayai, nazi na parachichi inawezekana, ila hospitalini na siyo kwenye simu.

Alafu jumlisha mpango wote uone unamwachia nini mtoto. Ukitoa ngano maandazi yameondoka, ukitoa maziwa yameondoka, keto inaondoa chipsi. Anabaki na nini? Huyu anatapika chakula kigeni, atakaa na njaa, na sukari ya damu ikishuka yenyewe inaleta degedege.

Hii habari ya ngano na maziwa ina historia yake. Mwaka 1979 mtafiti Jaak Panksepp alileta wazo kwamba usonji unafanana na hali ya ubongo uliojaa vitu vya jamii ya afyuni, baadaye wengine wakasema vitu hivyo vinatoka kwenye gluteni ya ngano na kaseini ya maziwa ambavyo havijasagika vizuri, vinavuja kutoka utumbo kwenda kwenye ubongo. Lilikuwa wazo la kufikirika vizuri, lilistahili kupimwa, likapimwa. Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, walichukua watoto 14 wenye usonji wakawaweka kwenye lishe isiyo na gluteni wala kaseini, kisha wakawa wanawapa vitafunio kwa siri, vingine vina gluteni, vingine kaseini, vingine vyote viwili na vingine havina kitu, wazazi na wapimaji wote hawajui kipi ni kipi. Hakukuwa na tofauti kwenye tabia, usingizi wala choo. Kundi ni dogo, nakubali, lakini na tafiti nyingine zilizofanywa kwa umakini hazijaonyesha faida ya kueleweka, na kuna wavulana wenye usonji walioachishwa maziwa wakakutwa mifupa yao imekuwa myembamba. Kama tumbo lake linajaa gesi au anaharisha kila akinywa maziwa hilo ni swali halali la tumbo, apimwe kwa ajili ya tumbo. Na kama mna wasiwasi na ngano kuna kipimo cha damu, ila kinafanyika akiwa bado anakula ngano, ukishaiondoa majibu yanadanganya.

Vitamini B6 nayo ina ukweli ndani yake. Kuna watoto wachache sana wanaozaliwa na hitilafu inayofanya ubongo wao ukose B6, wanaanza degedege siku za mwanzo tu za maisha na dawa zote zinagoma mpaka wapewe hiyo vitamini, alafu zinakatika. Ni jambo la kustaajabisha ukiliona, na kwa sababu hiyo kichanga mwenye degedege sugu tunamjaribishia. Mtoto aliyeanza miaka 4 akatulia na valproeti siyo huyo. Kwa usonji, B6 na magneziamu zimejaribiwa tangu miaka ya 1960 na ushahidi haujatosha mpaka leo. Angalia kopo limeandikwa ngapi, mtoto wa umri wake anahitaji kama miligramu 0.6 kwa siku, kuna vidonge vya 50 na 100, na B6 ikizidi kwa muda mrefu inaharibu neva za miguu na mikono, mtoto anapata ganzi na kuyumba. Mwanao hataweza kukwambia miguu inakufa ganzi.

Mafuta ya samaki hayana ubaya mkubwa, hayajaonyesha kubadilisha usonji, dagaa wanatosha kama atawakubali. Habat soda kidogo kwenye chakula sina ugomvi nayo, ila kama dawa ya kifafa ushahidi ni mdogo mno. Poda ya kusafisha sumu sikubaliani nayo kabisa, nyingi hazisemi ndani kuna nini, inaweza kumharisha na akipoteza maji na chumvi degedege zinaongezeka. Na siku ukiletewa matone ya klorini daioksaidi, yale yanayoitwa ya miujiza, yatupe chooni, hiyo ni kemikali ya kupaushia, Uganda mwaka 2019 iliripotiwa inagawiwa watu bure eti inatibu malaria, na wazazi wengine duniani wanawapa watoto wenye usonji. Zile sindano na vidonge vya kutoa madini mazito mwilini, kama risasi na zebaki, vilevile, mwaka 2005 mtoto wa miaka 5 mwenye usonji alifariki Pennsylvania akitundikiwa dawa hiyo, kalsiamu ilishuka moyo ukasimama. Nyumbani kwako weka mbali kafuri, ikimezwa inaleta degedege kwa mtoto ambaye hata kifafa hana. Na akija kubadilishiwa karbamazepini usimpe balungi, inapandisha dawa kwenye damu mpaka inamlewesha.

Utaniuliza, mbona huyo dada ana video za watoto waliopona? Siwezi kusema ni waongo. Kifafa kinakuja kwa mawimbi, wiki mbaya inafuatwa na wiki nzuri, na mzazi ananunua tiba mpya wiki ile mbaya kuliko zote, kwa hiyo chochote atakachompa kitaonekana kimesaidia. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Marekani ilivuma homoni moja ya tumbo, sekretini, baada ya mtoto mmoja kuonekana amebadilika. Walipoipima mwaka 1999 waliopewa sekretini waliendelea vizuri, na waliopewa maji ya chumvi wakaendelea vizuri vilevile, na wazazi wengi hata baada ya kuambiwa hivyo bado walitaka kuendelea nayo. Nawaelewa kabisa.

Sasa hiyo laki nne na nusu ya ndugu. Mimi ningeanza na kumwona daktari bingwa wa watoto anayeshughulika na kifafa, hospitali za rufaa kama Muhimbili, KCMC au Bugando ulizia kliniki hiyo, na kipimo cha EEG cha mawimbi ya ubongo ikiwezekana akiwa amelala, hasa kama kuna maneno aliyokuwa nayo yakapotea, kuna aina ya kifafa kinachowaka usingizini na kula lugha ya mtoto. Alafu damu: wingi wa damu na madini chuma, vitamini D, kalsiamu. Hapa ndo virutubisho vinapata kazi ya kweli, kwa sababu mtoto wa chipsi, maandazi na maziwa ana nafasi kubwa ya kupungukiwa chuma, maziwa mengi yanaizidisha shida hiyo, na akikosa chuma analala vibaya, na mtoto asiyelala anaanguka zaidi. Hata kiseyeye, ugonjwa wa kukosa vitamini C tuliodhani umeisha na mabaharia wa zamani, bado tunaukuta kwa watoto wenye usonji wanaokula vitu viwili vitatu. Dawa za kifafa kadhaa zinashusha vitamini D pia. Kikipungua kitu anapewa hichohicho kwa dozi yake, gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na kifurushi. Usingizi ukigoma kabisa muulize daktari kuhusu melatonini, homoni ya usingizi, kwa watoto wenye usonji ushahidi wake ni mzuri.

Na kula, usimlazimishe wala usimnyime chipsi ili njaa imfundishe, kwa mtoto mwenye usonji haifundishi. Kataa kwake si ukaidi, ulimi na pua vinasikia kuliko vyetu. Anza pembeni ya kile anachokipenda: viazi vilevile vikatwe vinene kidogo, siku nyingine viwe vitamu, andazi lilelile lakini unga umechanganywa na yai na karanga za kusagwa kijiko kimoja ambacho hakisikii, kama karanga hazimdhuru. Kitu kipya kiwekwe kwenye sahani nyingine karibu, akiguse tu, akinuse, hata wiki tatu bila kula ni sawa. Choo kikiwa kigumu kitibiwe, maumivu ya tumbo kwa mtoto asiyeongea yanatoka kama hasira na kujipiga kichwa.

Akianguka mlaze ubavu, toa vitu vya kumgonga, usimwekee kijiko mdomoni, usimnusishe kiatu, tazama saa. Ikipita dakika 5, au ikirudia kabla hajazinduka, au akibadilika rangi asipumue vizuri baada ya kutulia, ni hospitali muda huohuo, usisubiri asubuhi.

Ukienda kliniki beba chupa yenyewe ya dawa na hicho kijiko au bomba unalopimia, andika tarehe na saa za kila alivyoanguka tangu kilipoanza kurudi, mrekodi kwa simu akianguka tena kama kuna mtu wa pili wa kumshika, na sema hiyo sentensi mwanzo kabisa kabla hujakaa: alikuwa na kilo 13, sasa ana kilo 20, dawa haijabadilika.